Punje za Mtama Ndevuni

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka mbavu zikauma, ila siku ile pale msikitini Utete nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa nakaa peke yangu na vitabu vyangu (mke wangu alikwisha fariki, wanafunzi wametawanyika), na kimya nilikipenda kuliko chakula. Vita na Mdachi vilipoanza akaja Mwanahawa, mke wa Mmatumbi mmoja aliyekwenda kupigana, yeye na dada zake wawili na watoto sijui wangapi, nikawapangisha uani kwa sharti la kunichotea maji. Basi kimya kikaisha. Walitwanga tangu alfajiri, wakaimba, wakagombana, na kuku wao akataga ndani ya sanduku langu la vitabu.

Ijumaa hiyo wazee walinitaka niseme baada ya sala juu ya ile dawa ya Ngarambe, maji ambayo watu waliamini ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi haikuingii. Naenda mtungini kutawadha, mkavu, watoto wamemaliza maji kwa kuchezea matope, na adhana ndiyo hiyo inaadhiniwa. Nikaona kibuyu kimetundikwa mlangoni kwa Mwanahawa, nikakichukua (bila kuuliza, ndilo kosa lenyewe), nikatawadhia maji yote, nikahisi utelezi wa mafuta, nikasema moyoni hawa hata kibuyu hawajui kuosha.

Baada ya sala nikasimama, nikasema maji ni maji tu, hayazuii kitu, na watu wote wananikodolea macho kidevuni. Nikadhani maneno yamewaingia, nikazidisha. Mzee mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono taratibu, akanitoa punje ya mtama ndevuni, kisha ya pili. Na hakuna asiyejua kuwa dawa ile hutiwa mtama. Msikiti mzima ukaangua kicheko.

Kilikatika Mwanahawa alipotokea uwanjani na kibuyu kitupu.

"Mwalimu, yale yalikuwa ya baba watoto. Alisema atapita kuyachukua."

"Nimeyatawadhia mimi, mwanangu. Nisamehe."

Nilikuwa na hoja tele kwamba maji yale hayafai kitu, lakini mbele ya uso ule sikuthubutu kutamka hata moja. Akanifuta punje zilizobaki kwa upindo wa kanga yake.

"Basi wewe risasi haikupati," akasema. "Utakaa mlangoni utulinde mpaka aje."

Hajaja mpaka leo. Kibuyu cha mtu sigusi tena bila kuuliza, na mawaidha yale sijayamaliza. Kila siku nakaa pale mlangoni, nyuma yangu wanatwanga na kugombana, na wakinyamaza kidogo tu nageuka kutazama kuna nini.