Dole Gumba Ubavuni mwa Tofali

Wiki iliyopita nilipita nyuma ya shule yangu ya zamani, pale juu kilimani Butembo, nikakuta fundi amesimama juu ya meza mbovu akiupaka ukuta sementi. Nusu alikuwa ameshaimaliza. Nusu iliyobaki ilikuwa bado nyekundu, ule wekundu wa matofali yetu ya kuchoma ambao ukiishi mbali nao unauota. Nikamwomba angojee kidogo. Akaniuliza nimepoteza nini pale. Sikuweza kumjibu kwa maneno machache, kwa hiyo nakupa wewe, rafiki, yale marefu.

Nililelewa na mukaka. Ndivyo Wanande tunavyomwita bibi. Nyumba yake ilikuwa chini ya shule, karibu na kijito, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Niliamshwa na sauti ya chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zikishuka mlima, magurudumu yake ya mbao yakilia juu ya mawe, zimebeba viazi na maharagwe ya Musienene. Halafu ilikuja harufu ya moshi wa mkaratusi, na chungu cha maharagwe kikichemka taratibu tangu alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kufagia. Kazi ya mukaka, mzee vile alivyokuwa, ilikuwa kukanyaga udongo.

Butembo hakuna kiwanja kisicho na rundo la matofali. Mtu haanzi na nyumba, anaanza na rundo. Linakaa miaka, linaota nyasi, kuku wanataga juu yake, na kila mpita njia anajua kwamba hapa kuna mtu ambaye siku moja atajenga. Majirani walipotaka tofali gumu walimwita mukaka. Alikunja kitenge hadi magotini, akaingia ndani ya shimo la udongo, akakanyaga huku akisimulia, nami nikimwagia maji pale aliponionyesha kwa kidevu.

Historia ya mji wangu niliisikia kwenye shimo hilo. Alisema zamani hapa hapakuwa na kitu ila majani marefu na nyumba chache za watu wetu. Wazungu walikuja kutafuta dhahabu mitoni, wakataka nyumba za kulala, za kuandikia, na za kuwekea vyombo vyao. Watu wakatolewa vijijini kuja kufanya kazi, wengine bila kuulizwa. Baba yake alikuwa mmoja wao. Yeye alimfuata akiwa mtoto, akala viazi vitamu vya wafanyakazi, akajifunza udongo. Kisha wazungu walienda, na watu wakabaki na mikono yao. Wakafungua maduka, wakafuata bidhaa mbali ng'ambo ya mipaka, barabara ikiharibika wakatoka na majembe kuitengeneza. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuonyesha shamba lake.

Sasa, mwaka wa tano wa shule tulipata mwalimu kutoka mkoa wa mbali, kule kwenye mto mkubwa. Alikuwa mtu mwema, suruali yake ilipigwa pasi hadi ikasimama, na Kiswahili chake kilijaa Kilingala, akikana jambo alimalizia kwa "te". Alituagiza tuandike insha juu ya mji wetu. Iliyo nzuri kuliko zote ingesomwa siku ya sikukuu ya shule, mbele ya wazazi. Ilichaguliwa yangu. Lakini ilikuwa na mstari mmoja ambao aliuchora wino mwekundu: "Mukaka wangu ndiye alijenga Butembo, na hata hii shule."

Akanisimamisha mbele ya darasa. Alisema mji huu ulianzishwa na wazungu wa dhahabu, na shule yetu ilikuwa bohari yao, imeandikwa. "Mukaka yako alijenga kitu te," akasema, bila ukali. "Futa ile mustari, utasoma. Hapana kufuta, atasoma mwengine."

Darasa likacheka. Msichana aliyekaa nyuma yangu, jirani yetu, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mukaka wangu anajua kujenga kuta za matope kwenye miguu yake tu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kufuta. Nilitaka kusoma kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimeshaahidiwa viatu vya kuazima.

Mukaka alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia yote, hata ile ya matope miguuni. Aliendelea kuchambua, nami nikaona mikono yake imekuwa mizito. Mwishowe akaniuliza kama niliandika kwamba alijenga peke yake. Nikasema ndiyo, karibu hivyo. "Basi ile ni bongo yako," akasema, maana yake uongo. "Lakini ya mwalimu nayo ni bongo."

Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisimulia, kwa sababu aliliona aibu. Zamani jamaa nyingi zilichoma matofali katika tanuru moja ili kuni zitoshe, na kila jamaa iliweka alama yake juu ya tofali likiwa bichi, kila mtu ayatambue ya kwake yakitoka motoni. Alama ya baba yake ilikuwa dole gumba, na chini yake mkwaruzo wa ukucha. Iliwekwa juu, pale mgongoni, mahali ambapo chokaa ya ujenzi ingeifunika. Siku moja baba aliugua, akamwachia mtoto kazi ya kuweka alama. Mtoto akakosea. Mstari mzima aliupiga dole ubavuni. Baba alipoona alishika kichwa, maana msimamizi mzungu hakupenda tofali lenye kovu usoni. Yakachomwa hivyo hivyo, na fundi mwenye huruma akayaficha kwenye ukuta wa nyuma wa ile bohari, ambako msimamizi hakufika kwa sababu ya magugu.

"Kesho umupeleke mwalimu kule nyuma," akasema. "Kama mvua haikukula, ataona upumbavu yangu."

Sikulala vizuri. Asubuhi niliinua mkono kabla hata ya sala, nikamwomba mwalimu aje kuona ukuta wa nyuma. Mwalimu akaweka chaki chini, darasa zima likamfuata nje, tukapita chooni, tukaingia kwenye magugu hadi kiunoni. Tulitafuta. Ukuta ulikuwa na kuvu ya kijani. Msichana jirani alianza kucheka tena. Nami nilikuwa nimeshaanza kusikia machozi puani, ndipo yeye mwenyewe, akikwangua kuvu kwa kijiti ili anidhihaki, akakiangusha kijiti na kugusa tofali.

Palikuwa na shimo dogo la dole, na chini yake mkwaruzo. Kando yake lingine, na lingine, mstari mzima kwa usawa wa kifua changu.

Mwalimu aliweka dole lake. Halikuingia. Akaniita, akaushika mkono wangu, akalisukuma dole langu ndani ya tofali. Lilikaa kama limepimwa. Mukaka alikuwa na umri wangu alipokosea.

Mwalimu akasema polepole, kama anajisomea, "Haiko kufuta te." Kisha akaniambia nibadilishe maneno machache tu. Siku ya sikukuu nilisoma: "Mukaka wangu ni mmoja wa wale walijenga Butembo, na hata hii shule." Mukaka alikaa mstari wa mbele, miguu yake imeoshwa ikang'aa, na mwalimu akainama kumpa mkono. "Wasingya," akamjibu. Asante. Basi.

Leo shimo la udongo limefukiwa, hapo kuna jengo la ghorofa lenye vioo vya bluu. Kijito kimekuwa chembamba. Chukudu zimebaki chache, pikipiki zimechukua mlima. Watu wamekuja wengi wakikimbia vita, kutoka upande wa Kamango na wa Mabalako, na wao pia wameanza marundo yao ya matofali, nikiyaona moyo wangu unatulia. Mwalimu alihamishwa. Mukaka amelala makaburini, na hakuna tena anayejua kukanyaga udongo hadi ulie chini ya kisigino.

Fundi aliniita kutoka juu ya meza yake. "Mama, nipake ama niache? Lakini nikiacha, mvua itaikula. Ona vile inamomonyoka."

Nilikwangua kuvu. Madole yalikuwepo. Niliweka dole langu, halikuingia tena. Nikafikiria matofali ya baba yake mukaka, ambayo alama zake zote ziko ndani, ndani ya ukuta huu, ndani ya nyumba za zamani za mji huu, hakuna macho yaliyowahi kuziona, na juu yake mji mzima umekaa.

"Paka, fundi," nikasema.

Akapaka. Nilisimama hadi dole la mwisho likafunikwa, likaenda kukaa na yale ya baba yake mukaka.