Shofere wa Ruziba

Haya sikusimuliwa. Niliyaona mwenyewe, saa nane mchana, sijanywa hata chupa moja. Ukitaka kucheka, cheka. Mke wangu naye alicheka, mpaka alipomwona yule mama.

Mimi ni mwalimu. Jumapili wenzangu wakitoka misa wanakwenda kukaa baa, mimi navaa ovaroli. Napenda magari ya zamani ya jeshi, yale yanayouzwa yakishachoka. Hilo nililolileta nyumbani Kinindo lilikuwa dogo, halina paa, lilikuwa limelala nyasini miaka mingi. Mimi na rafiki yangu Hamisi, fundi wa Buyenzi, tulilihangaikia mwaka mzima. Tulisugua kutu, tukashona viti, tukafufua injini. Breki peke yake hatukuzifungua. Zilikuwa zinashika, basi tukaridhika.

Siku hiyo nilitaka kulipandisha mlimani kwa mara ya kwanza, na wanangu wawili wakae nyuma. Hamisi alikuwa bado msikitini. Mvua ikaanza. Nikaingia ndani kuchukua ufunguo, na nilipotoka nikakuta kijana amekaa kwenye usukani, amevaa sare ya zamani ya jeshi. Mvua inamwagika, na yeye ni mkavu kabisa!

"We kijana, shuka."

"Mwalimu, leo usipande nayo mulima," akasema polepole. "Bomba ya breki ya nyuma imeoza. Mi iliniua hiyo, nikiwa shofere ya gari hii."

Niamini, hakunitisha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka na safari.

"Unataka nini kwangu?"

"Mama yangu iko Ruziba, anaanika ndagala pale ufukweni. Uliza Mama Nestori. Asubuhi ile tuligombana, akaniambia niende nisirudi. Mpaka leo anajua ni mudomo yake iliniua. Mwambie ilikuwa breki."

"Mwalimu, unaongea na nani?"

Alikuwa Hamisi, amesimama getini. Nikageuka kumtazama. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu. Hamisi aliposikia niliyomweleza, akajiingiza chini ya gari. Alitoka na kipande cha bomba, na kikavunjika mkononi mwake kama biskuti. Wanangu walikuwa mlangoni, wameshavaa viatu. Mungu wangu, ungekuwa wewe ungefanya nini?

Kesho yake nilikwenda Ruziba. Mama Nestori alikuwa amejikunja juu ya dagaa wake, mgongo umepinda. Nilipotaja ugomvi wa asubuhi ile, ungo ulimponyoka. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiusema.

"Si mudomo yangu?" akaniuliza.

"Apana, mama. Ilikuwa breki, ni hii." Nikampa kipande cha lile bomba.

Alikaa chini mchangani, akalia mpaka wanawake wenzake wakaacha kazi.

Siku hizi anakuja kwetu mara moja kwa mwezi. Anapanda kiti cha abiria, anaongea Kirundi peke yake, na sisi tunamwachia uwanja. Bomba tulilibadilisha, na gari halijanisumbua, lakini siliwashi bila kubisha hodi. Hamisi naye anabisha.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukinunua gari lililotumika, usiishie kwenye injini. Fungua breki zote. Na uliza nani aliliendesha, na kwao wamebaki na neno gani moyoni.