Ngozi ya Ngoma

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha sekondari, kwamba tumbo la mtu likikatwa na kushonwa hukauka kama ngozi ya ngoma. Usipolivuta kwa chakula kizito kabla ya siku saba kwisha, linajikunja, linakaza, na mwenyewe anakauka nalo.

Habari hiyo nilipewa na jirani yetu katika kambi ya polisi ya Nsambya, mzee aliyestaafu kupiga ngoma ya bendi. Kwa kuwamba ngozi hakuwa na mpinzani kuanzia pale hadi mwisho wa dunia.

Aliyekatwa ni dada yangu mkubwa. Alikuwa mnene hasa. Vibanda vyetu vya bati tunaviita mama-ingia-pole, maana mlangoni lazima uiname. Yeye aliingia kiubavu, na bati zote zikahema. Tulicheka, yeye wa kwanza. Lakini mchana akisinzia kitini, mkoromo wake ulikatika ghafla. Kimya. Tuliacha vijiko hewani, tukitazama kifua chake, mpaka pumzi irudi kwa kishindo. Kadiri miezi ilivyopita, kimya kile kilirefuka. Na sukari ilikuwa imeshamla kidole kimoja cha mguu.

Daktari alitueleza njia mbili za upasuaji wa kupunguza unene. Moja, sehemu kubwa ya tumbo hukatwa na kutolewa, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Nyingine, hutengwa kifuko kidogo juu, utumbo ukaunganishwa hapo, chakula kikapita njia ya mkato. Sukari na presha huweza kushuka, pumzi ikatulia, magoti yakapona mzigo. Lakini mshono unaweza kuvuja, damu ikaganda miguuni, uzito ukarudi baadaye, na vidonge vya vitamini ni vya maisha.

"Nisipofanya?" dada aliuliza.

Daktari aliutazama ule mguu. "Mama, unaona mwenyewe tunakoelekea."

Akachagua ndizi. Mimi nilitikisa kichwa kukubali, kama profesa. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa na ndevu, na tumbo la binadamu nililichora vizuri hadi mwalimu akakaribia kulipigia saluti. Karatasi ya maelekezo, vinywaji tu kwa wiki mbili, niliitia mfukoni. Sikuuliza hata swali moja.

Upasuaji ulipita salama. Siku ya nne alirudi nyumbani, na kitu kimoja kikatutisha: hakusikia njaa. Dada yangu! Mzee wa ngoma akaja kumwona.

"Umekula nini leo?"

"Maji ya supu, muzee. Vijiko tano."

"Na njaa?"

"Hakuna. Hata kidogo."

Mzee akanigeukia, sauti chini. "Imeanza kukauka hiyo. Ngozi mbichi usipoivuta mapema, baadaye hata maji haiifungui. Vuta, afande."

"Mimi si afande, muzee."

"Basi vuta hivyo hivyo."

Kwetu kaskazini, mgonjwa akitoka hospitali bila kupewa ugali wa ulezi ni kama hujampokea. Kwa hiyo siku ya sita, adhuhuri, niliusonga mgumu, na mchuzi wa ufuta pembeni. Dada aliutazama muda mrefu.

"Wewe kichwa ya darasa ya jioni, karatasi ilisema hivi?"

"Karatasi ni ya daktari. Tumbo ni ya kwetu."

Alicheka, akishika mshono. Kisha akasema polepole, "Nisipokula nitakauka kweli?"

"Kweli."

Akala matonge matatu, kwa sababu aliniamini.

Kabla ya jioni alikuwa ameloa jasho. Bega la kushoto likamuuma, bega, wakati kisu kilipita tumboni. Nilishika mkono wake: moyo ulikwenda mbio kama mtu anayekimbizwa, na yeye amelala. Nikatafuta mzaha wa kusema. Nikaishia kutafuta gari.

Hospitalini picha ilionyesha mshono unavuja. Wakamrudisha chumba cha upasuaji. Nesi aliyebaki nami aliuliza alikula nini, nikamweleza yote, pamoja na ile habari ya ngozi ya ngoma. Nilitamani acheke. Hakucheka. Aliandika tu, neno "ugali" akalipigia mstari.

Walipomtoa alikuwa na mipira kila upande, lakini akipumua mwenyewe. Nilikaa nikisikiliza, nikiogopa kile kimya. Nesi akarekebisha shuka, akanitazama.

"Ssebo, bwana wangu, tumbo halikauki. Ni nyama hai yenye kidonda. Haoni njaa kwa sababu sehemu kubwa iliyoleta njaa tuliitoa, na ndivyo tulivyotaka. Mshono unaweza kuvuja hata bila ugali, siwezi kusema ni wewe. Ila usiuvute tena. Tukimruhusu kunywa, mpe maji, kijiko kimoja kimoja, na umwache apone."