Mkono Wangu Kwenye Waya

Nikinusa betri zilizopata moto juani, mkono wangu wa kulia huuma hadi leo. Kwetu Majengo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, betri zilizochoka tulizianika juu ya mabati ili jua lizitie uhai tena. Zilikuwa za redio ya Mama Halima, jirani yetu aliyekimbia vita Somalia. Hakuwa na karatasi na aliwaogopa polisi, kwa hiyo hakutoka chumbani mwake. Kila alasiri redio ya mbali ilisoma majina ya watu waliokuwa wakitafuta jamaa zao, naye alikuwa akingoja jina la mwanawe, Abdi.

Nami nilifungiwa naye. Watu wazima walikuwa wamegundua kwamba sauti hutulia nikishika waya wa antena. Basi nikawa mlingoti, nimesimama juu ya stuli dirishani, mkono juu, wenzangu nje wakicheza kati, wakirushiana mpira na kukwepa.

"Nekesa, leo tena umefungiwa?" waliniuliza wakicheka.

Mama alipenda kusema subira huvuta heri. Mimi nilivuta nzi tu, na dirisha lile nililichukia kwa moyo wangu wote.

Siku moja ya jua kali, msomaji alifika kwa akina Abdi. Alitaja wa kwanza, si yeye. Mara sauti ikadidimia, ukabaki mvumo mtupu. Mama yangu, aliyekuwa nasi chumbani, akazungusha kitufe, na stesheni ya hapa Nairobi ikasikika vizuri kabisa. Betri zilikuwa nzima. Wote wawili wakanigeukia.

"Wewe umeachia," Mama Halima akasema taratibu.

"Sijaachia, haki ya Mungu."

"Huyu hawezi kutulia, utamsamehe," Mama akamwambia.

Kesho yake Mama Halima alinifunga mkono kwenye chuma cha dirisha kwa pembe ya leso yake, bila hasira, kisha akanipa kipande cha halua. Jina la Abdi hatukulisikia siku hiyo, wala siku nyingine yoyote mpaka alipohama.

Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba Jua hulipuka, na mlipuko ukiwa mkubwa, anga ya juu upande wenye mchana huyameza mawimbi ya redio za mbali, huku stesheni za karibu zikiendelea kama kawaida. Nilicheka, kisha nikalia. Nilitamani kumtafuta Mama Halima nimwambie sikuachia.

Sasa nina mwana wangu, na fundo lile nalielewa. Abdi alikuwa amemponyoka mahali asikoweza kufika. Mkono wangu ulikuwa karibu, akaufunga.