Pampu ya Mwanzisha Nyimbo

"Nesi, niandikie barua ya shule, huyu asikimbie tena mchakamchaka," mama mmoja alisema juzi dirishani, zahanati ya Bomani, akimshika bega binti yake mwenye pumu.

Binti akajichomoa. "Mama, mbioni mimi ndiye mwanzisha nyimbo!"

"Utaziimbia kaburini?"

Nesi akauliza pampu yake ya kuvuta dawa inakaa wapi.

"Kabatini kwa mwalimu mkuu. Ufunguo anao yeye," binti akajibu.

Nesi akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Pampu ikae mfukoni mwake. Aivute robo saa kabla ya kukimbia, aanze kwa kutembea. Kifua kikibana, asimame, aivute tena."

Nikiwa foleni nyuma yao, nikawaza jinsi tulivyo hodari wa kumpumzisha mtoto, huku dawa yake ikipumzika kabatini. Mlangoni binti alikwisha kuanzisha wimbo. Mama, barua mkononi, akaitikia.