Zamu ya Jumapili

Siku ile, mbele ya mlango wa mashine ya kumenya kahawa, tulikuwepo watu hawa: mama mdogo, aliyetulea baada ya mama yetu kumfuata baba kaburini, majirani zake watatu waliomsaidia kuchuma tangu alfajiri, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima hapa Maguu, bado kavaa shati la kanisani, mdogo wangu wa kike, na mimi. Fundi wa mashine hakuwepo. Alikuwa ameteremka Mbamba Bay kwa wakwe zake, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Ilikuwa Jumapili. Siku hiyo mashine hulala, na hata maji yake hufungwa.

Magunia ya mama mdogo yalikuwa chini, yamejaa kahawa nyekundu. Kahawa iliyochumwa leo humenywa leo. Ikilala kwenye gunia hupata joto, huchacha, na ikichanganywa na nyingine, harufu yake huharibu kahawa ya kikundi kizima. Ile ilikuwa mavuno yake makubwa ya msimu.

"Ujumbe umesema leo," mama mdogo alimwambia mwenyekiti, akimwonyesha simu.

Ujumbe ule ulitoka kwenye programu yangu. Niliacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu wasome, nikapata kazi kwenye duka la kutoa nakala mjini Mbinga, na huko nikajifunza kuandika programu usiku na mchana, kwa simu kwanza, kisha kwa kompyuta ya duka. Kikundi kiliponipa kazi ya kupanga zamu za mashine nilifurahi kupita kiasi. Zamu hubadilika kila wiki, hivyo hakuna anayejua siku yake mpaka apate ujumbe.

Programu ya kwanza niliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Mwaka ule niliihamishia lugha nyingine, Python. Mdogo wangu, aliyekuwa ametoka chuo, alinishauri pia niandike majaribio ya kujiendesha: programu ndogo zinazoiuliza ile kubwa maswali na kulinganisha majibu na yale yanayotakiwa. Jibu likiwa sawa, mstari huwa wa kijani.

Niliyaandika kwa haraka. Majibu yanayotakiwa niliyachukua kwenye programu mpya yenyewe: nilitazama ilichojibu, nikakiandika kuwa ndicho sahihi. Ni kama mwanafunzi kujisahihishia mtihani kwa karatasi yake mwenyewe. Mistari yote ikawa ya kijani.

"Kaka, kuhusu Jumapili umeiuliza?" mdogo wangu aliniuliza.

"Niulize nini? Jumapili watu wanasali."

"Ndiyo maana uiulize."

"Niliacha shule ili wewe usome. Leo unanifundisha kazi yangu?"

Akaenda zake. Mimi nikajiona nimeshinda.

Sasa, mbele ya mlango uliofungwa, mdogo wangu hakunikumbusha hayo. Alitazama simu ya mama mdogo, akanisogelea. "Siku zimesogea, kaka," alisema kwa sauti ya chini.

Nilielewa hapo hapo. Katika JavaScript hesabu ya siku huanza Jumapili, nayo ni sifuri. Jumamosi ni sita. Katika Python, kwa njia niliyoitumia, sifuri ni Jumatatu, na sita ni Jumapili. Nilihamisha namba bila kuhamisha maana yake. Wakulima wote walisogezwa siku moja mbele, na waliokuwa wa Jumamosi wakaangukia Jumapili.

"Kumbe!" mwenyekiti alisema. "Jumatatu fundi alikaa peke yake, akadhani tuna msiba."

"Na mimi nimekosa misa kwa ajili ya kompyuta," alisema jirani mmoja. "Padri nitamwambia nini?"

"Mwambie kompyuta ya kijana wetu haijabatizwa," mwenzake alimjibu, wakacheka wote. Heri wangenitukana.

Nilimgeukia mama mdogo. "Mama, ulipoona Jumapili, mbona hukunipigia?"

Alikaza kanga yake kiunoni. "Nilitaka. Nilishika simu kabisa. Halafu nikasema, huyu nikimuuliza atadhani namdharau kwa vile hakumaliza shule. Nikaona heri niende kuchuma."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kukwepa tope. Nilitazama magunia, sikuweza kutazama watu. Kosa la namba nililirekebisha jioni ile ile kwa mstari mmoja. Hili jingine nilikuwa nimelijenga miaka mingi, kwa kila aliyeniuliza swali nikamjibu kwa kiburi, mpaka mwanamke aliyenilisha akaogopa kuniuliza siku.

Fundi alirudi Jumatatu alasiri. Mwenyekiti alinusa gunia la kwanza, akatikisa kichwa. Kahawa ile mama mdogo aliianika pamoja na maganda yake, akaiuza kwa bei ya chini ambayo sikuthubutu kumuuliza.

Ilibaki deni la kazi ya majirani. Huku kwetu kazi hulipwa kwa kazi. Ugali na dagaa wa usipa aliowapikia ni shukrani tu. Nilimwomba mama mdogo niende mashambani mwao badala yake, naye akakubali. Mvua za Machi zilipofika nilifyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wenye mashamba wakazifunika kwa udongo, mashimo ya ngoro, yanayozuia maji yasibebe udongo mteremkoni, yakatokea moja baada ya jingine.

"Polepole, fundi," jirani yule wa misa alinitania. "Jembe halina kitufe cha kufuta."

Majaribio siku hizi hayaanzi kwangu. Mdogo wangu huwauliza kwanza wakulima wanatarajia nini, ndipo tunaiuliza programu.

Mashamba mawili nimemaliza. La tatu, lile la mteremko wa mtoni, bado. Na mama mdogo, akipata ujumbe wa zamu asiouelewa, bado humpigia mdogo wangu.