Jicho Lililofunikwa Kosele

Jicho la kushoto la binti yangu lilikuwa zuri, na uzuri huo ndio uliotuponza. Halikuwa na kengeza wala wekundu. Lingekuwa na kengeza, majirani zangu wa Migori, wenye midomo yao, wangenisimanga mapema nami ningekimbia hospitalini. Badala yake alifika miaka saba, ndipo vumbi la mahindi likamwingia jicho la kulia. Akalifumba, akaniuliza nimekwenda wapi. Nilikuwa mbele yake.

Daktari wa macho kule Homa Bay alisema jicho la kushoto halina ugonjwa. Nguvu zake hazikulingana na za mwenzake, basi ubongo ukaacha kulitumia, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo inavyokuwa vigumu kuuzoesha upya. Alitupa miwani na agizo la ajabu: lile zima lifunikwe kila siku baada ya shule, ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi.

Binti yangu alisomea Kosele, akiishi kwa mama mkwe wangu. Mimi nilifungwa na cherehani mjini. Nilimweleza mama mkwe kwa Dholuo, polepole, akaitikia kila neno. Ukapita muhula, ukapita mwingine, ndipo tukarudi kliniki sote watatu.

Daktari alipima, akapima tena, akauliza ni nani anayemfunga mtoto jicho.

"Ni mimi, daktari," mama mkwe alisema, akijiweka sawa kitini. "Hata siku moja sijaruka."

"Unafunga jicho gani, mama?"

Akaonyesha la kushoto. Mwanzoni alifunga la kulia, lakini mtoto alijikwaa kwenye mafiga akaungua mkono. "Sasa hiyo mzima mnafungia nini? Kwetu ile gonjwa ndiyo inafunikwa, ipumzike, ipone. Nilijua huyu mama yake alisikia vibaya."

Daktari alinigeukia, akasema kwa Kiingereza kwamba tutaanza upya, ila muda mwingi umepotea na nisitarajie makubwa.

Nilitaka kumpigia mama mkwe kelele mbele ya watu. Kisha akafungua mkoba akatoa vile vitambaa, safi, vimepigwa pasi. Alikuwa amekata kilemba chake cha kanisani. Laiti angekuwa mzembe, angalau kidogo tu.

"Amesema nini?" aliniuliza kwa Dholuo, akitabasamu. "Nimemtunza vizuri?"